St. Louis au Kansas City, miji miwili ya jimbo la Missouri huko Marekani, wapi pana afadhali kiusalama?

Ukimwambia mtu unahamia St. Louis anashtuka, na kweli 2020 waliuawa watu 263 kwenye jiji la watu kama laki 3 tu, ila jamani watu wanasahau jiji lile lilijitenga na kaunti yake tangu 1876 kwa hiyo vitongoji vilivyotulia kama Clayton havimo kwenye hesabu, ndo maana kiwango cha mauaji kinapaa. Kansas City yenyewe imetapakaa kaunti 4, mitaa kibao imepoa inapunguza makali, na bado 2023 ilivunja rekodi yake, mauaji 182, wakati St. Louis ilishuka hadi 158.

Kote mtaa ndo kila kitu. St. Louis watu wanaihofia kaskazini ya barabara ya Delmar, Kansas City ni mashariki ya barabara ya Troost. Gari? Kia na Hyundai za ufunguo wa kuchomeka zimeibiwa sana kote kote, yaani kichwa cha waya wa USB kinatosha kuwasha, nunua loki ya usukani.

Mimi mwenye watoto ningeenda Northland, yaani upande wa kaskazini wa Kansas City, ila bila gari utateseka.