Uchambuzi: Kuunda USS Langley kwa Blender na kutua juu yake katika Ziwa Victoria

Habari zenu wadau, karibuni tena kutoka hapa Mwanza. Leo nachambua programu mbili kwa mpigo, Blender ya kuchora maumbo ya pande tatu (3D) na FlightGear, simuleta ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, kwa kazi moja tu: kuunda meli ya zamani ya kubeba ndege, halafu kutua juu yake. Zote ni za bure, unachogharamia ni bando la kupakulia. Hukumu naitoa mapema: kwa kazi hii zinatosha kabisa, ila utafaidi pale tu utakapoijali sitaha kuliko rangi.

Meli yenyewe ni USS Langley, ya kwanza ya kubeba ndege katika Jeshi la Majini la Marekani. Ilianza kazi mwaka 1913 ikiitwa Jupiter, ikipelekea manowari makaa ya mawe. Mwaka 1922 ikarudi baharini imeezekwa sitaha ndefu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Anayeanza namshauri aanze na hii. Sitaha yake haina mnara wowote, kwa hiyo umbo linakuja haraka. Ina urefu wa mita 165 hivi, upana wa sitaha kama mita 20. Sisi wa huku tuipime kwa MV Mwanza, meli ya ziwa letu, yenye mita 92: ukiziunganisha MV Mwanza mbili, Langley haifiki.

Sasa tazameni hapa kwenye Blender, nazungusha upande. Mnaona chini ya sitaha? Ni wazi. Sitaha imebebwa na nguzo na vyuma vilivyopishana, na sitaha ya zamani ya meli ya makaa bado iko pale chini. Wapo wanaoziba pembeni kwa ukuta mmoja bapa ili kupunguza poligoni, yaani vipande bapa vinavyounda umbo kwenye kompyuta. Nalipinga hilo kwa nguvu zote. Ukiziba pale, umeifuta historia ya meli, maana ile nafasi wazi ndiyo inayokuonyesha kwamba hii ilikuwa meli ya mizigo. Kama kompyuta yako ni nyonge, punguza poligoni kwenye mashua na ngazi, nguzo ziache.

Ngoja nisogeze karibu huku tezi. Hiki kibanda ni banda la njiwa. Njiwa kweli, wa kupeleka ujumbe, kwa sababu marubani wa wakati ule walikuwa bado wanawatumia. Mfano wa Langley ya 1922 usio na banda hili mimi naupunguzia alama palepale.

Na mwaka ni jambo la kuamua kabla hujachora mstari wa kwanza. Mwaka 1937 meli hii ilikatwa kipande cha mbele cha sitaha, ikageuzwa kuwa ya kuhudumia ndege zinazotua majini. Iliposhambuliwa na Wajapani na kuzamishwa kusini mwa Java, tarehe 27 Februari 1942, ilikuwa haipokei tena ndege sitahani. Kwa hiyo ukiikuta mahali ina sitaha nzima na imepangiwa ndege za Vita vya Pili vya Dunia, hiyo usiipotezee bando lako.

Tuje kwenye nyaya za kuikamata ndege inapotua, maana hapa ndipo FlightGear inapopimwa. Mchoro ukishatoka Blender, simuleta haijui lolote kuhusu sitaha. Lazima uiambie kwenye faili la meli: kipande hiki ni kigumu, magurudumu yakanyage, kile ni waya, ndoano ya ndege inase. Usipotaja, ndege inapenya sitaha moja kwa moja mpaka majini. Langley ilikuwa na nyaya za aina mbili, zilizokatiza sitaha na zilizolala kwa urefu wake kuizuia ndege isiteleze pembeni. Zinazokatiza zimefanya kazi vizuri mno. Za urefu nimezichora ziwe za kuonekana tu, na huo ndio upungufu unaoniuma zaidi, kwa sababu rubani Godfrey Chevalier alipotua kwa ndege ya Aeromarine tarehe 26 Oktoba 1922, mara ya kwanza kwa ndege kutua kwenye meli hii, nyaya hizo zilikuwa sehemu ya mpango mzima.

Kisha nikaileta nyumbani, mbele ya Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu wa hapa Mwanza, omo ikitazama ziwani. Ukifanya hivi kumbuka kimo. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiandike sifuri kama uko Bahari ya Hindi.

Kimo hicho kinabadilisha hata urubani. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya baharini. Mabawa yanadai mwendo zaidi ndipo yabebe, na propela nayo inavuta hewa haba. Meli yenyewe mwendo wake wa mwisho ni kama noti 15 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Siku isiyo na upepo, kuruka kutoka hapa ni kazi kwelikweli. Subiri mchana upepo wa ziwani uvume kuelekea mjini, geuza omo iukabili. Tuseme upepo ni noti 10 na meli inakwenda 15: tayari una noti 25 juu ya sitaha kabla hujaachia breki. Raha ya simuleta hii iko hapo, haikupi chochote bila upepo.

Kasoro? Maelezo ya kuunda meli yametawanyika na yote ni ya Kiingereza, mgeni atahangaika. Blender nayo vitufe ni vingi mno, wiki za mwanzo utavitafuta kwa tochi. Na bila stiki, ule usukani wa mkono wa kuongozea ndege, usijaribu kutua. Kwa kibodi utaumiza vidole bure.

Alama zangu: Blender tisa kwa kumi, FlightGear nane, ile moja zaidi nimeikata kwa ajili ya nyaya za urefu. Faili la vipimo vya sitaha nimeliweka kwenye maelezo chini ya video, lichukueni. Anayetaka kuanza na meli nyingine aandike jina na mwaka, nitamwambia kama kwa anayeanza inabebeka.