Wamemkata Remmy katikati ya chemko

Hii flashi ya nyimbo niliyojaziwa kibandani ina ukubwa gani, inabeba nyimbo ngapi, hayo muulize mwingine. Mimi nina jambo moja tu: wamemkata Remmy Ongala, yule mwanamuziki wa dansi, wimbo haujaisha.

Juzi juzi hapa nilipita kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo, nikamwambia kijana aniwekee Remmy na bendi yake ya Super Matimila, na Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Basi. Nikalipa, nikaondoka na furaha ya mtu anayekwenda harusini. Kufika nyumbani nachomeka kwenye sabufa, "Kifo" hiyo inaanza. Magitaa yanaingia, Remmy anaanza kusema nasi, maana yule alikuwa haimbi tu, alikuwa anasema na watu. Naongeza sauti. Solo inachangamka, mguu wangu ushajiandaa, mara dijei anapayuka jina lake na namba yake ya simu, na wimbo mwingine umeingia.

Nilikaa chini. Jamani, Remmy utamkataje kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka watu wacheze? Huyu alizaliwa na meno mawili mdomoni, watu wakasema atakuwa mganga, ndiyo jina la Dokta Remmy lilikotoka. Akaja Dar mwaka 1978 kutoka Kongo kupiga na Orchestra Makassy. Alijiita Sura Mbaya yeye mwenyewe, kabla hujapata nafasi ya kumcheka. "Mambo kwa Soksi" ilipozungumzia kondomu, Radio Tanzania ilikataa kuipiga, na bado tuliijua. Mpaka leo watu wanashuka kituo cha Sinza kwa Remmy! Alituacha Desemba 2010, hawezi kuja kujitetea.

Nikarudi kibandani mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," nikamweleza kwa upole kabisa.

Macho hakuyatoa kwenye kompyuta. "Mama, nyimbo za wazee ndefu, zinachosha. Tumewafupishia."

Tumewafupishia! Nikamuuliza, mwanangu, umewahi kusikiliza hata mmoja mpaka mwisho? Akapandisha sauti ya spika zake. Hela nimesamehe. Ile sauti aliyoipandisha ili asinisikie, sijaisamehe.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msikanyage pale. Ila usiku nikaiacha flashi iendelee, nikafika kwa Bi Kidude, na "Muhogo wa Jang'ombe" imo nzima, haijaguswa. Nadhani hakuna aliyejisumbua kumkata. Nikamwona tena kama nilivyomwona Ngome Kongwe, Unguja, miaka ile: peku, ngoma ya msondo kaipakata katikati ya miguu, kaifunga kwa kanga kiunoni, bibi ambaye umri wake hakuna aliyekuwa na uhakika nao. Wasichana wa nusu ya nusu ya umri wake walichoka kucheza kabla yeye hajachoka kupiga. Sigara alivuta mbele za watu na hakumwomba mtu radhi. Na sauti ile yenye mikwaruzo, iliyojifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa enzi zile, ilipanda ukutani mwa ngome ikarudi kutufuata tulipokaa. Nililia kule, nikalia tena sebuleni kwangu.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Kwa Bi Kidude peke yake, nendeni. Hapana, msiende, maana kila nikikumbuka dijei yule anavyotaja namba yake juu ya gitaa la Matimila, moyo unanipanda upya.

Mwenye "Kifo" nzima, na chemko lake lote, aniambie alipo. Flashi ninayo, nitamfuata.