Uwanja wa Hadlock, Portland: niliusikia kabla sijauona

Kiangazi cha 2019 tulilala katika ukumbi wa Expo mjini Portland, Maine, sisi na mamia ya wenzetu waomba hifadhi waliotoka Kongo na Angola, vitanda vya kukunja vimepangwa mistari kwa mistari. Jioni nyingi zilitufikia kelele na muziki kutoka ng'ambo ya ukuta. Mwanangu, aliyekuwa na miaka 6, aliniuliza, "Mama, kuna harusi?" Ilikuwa timu ya Sea Dogs ikicheza besiboli. Uwanja wao, Hadlock, umepakana kabisa na Expo.

Ilipita miaka kabla hatujaingia. Niliogopa bei, na mchezo wenyewe sikuuelewa. Sasa tumekwenda mara nyingi, na ndugu zangu mnaosita nawaambia nendeni.

Timu hii imekuwa hapa tangu 1994, na tangu 2003 inawalea vijana wa Boston Red Sox, timu ya ligi kuu ya besiboli. Iko ngazi mbili chini ya ligi kuu. Kwa undugu huo na Boston, upande wa kushoto kuna ukuta wa kijani wa mita 11 hivi, ulioigwa kutoka uwanja wa Boston. Nyota Mookie Betts alicheza hapa 2014, na nyota mwenzake Rafael Devers 2017. Kwa kuwa uwanja ni mdogo, watu elfu saba na kidogo tu, hata kiti cha bei nafuu kinakuweka karibu na wachezaji mpaka unasikia gongo likigonga mpira.

Kuhusu kutoelewa, msiogope. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi alinieleza taratibu, kidole kikifuata mchezo: mpigaji akikosa mara 3 ametoka, wakitoka 3 timu zinabadilishana, na raundi ni 9. Mengine niliyapata kwa kutazama. Mchezo una nafasi nyingi za kupumua, unaweza kuzungumza na mwenzako na usipitwe na kitu.

Ila kuna jambo moja msikose kulitazama. Mchezaji wa nyumbani akiupiga mpira ukavuka ukuta, mnara wa taa, kama ile inayoongoza meli baharini, unainuka nyuma ya uzio wa katikati. Mara ya kwanza mwanangu alisimama juu ya kiti, nami sikumkemea.

Chakula ndicho kitakachomaliza pesa zenu. Sisi tunakula fufu na sombe nyumbani kwanza, halafu ndani tunanunua Sea Dog Biscuit tu: aiskrimu ya vanila katikati ya biskuti mbili zenye vipande vya chokoleti. Mwezi wa 4 baridi ni kali, upepo unaingia mpaka mifupani. Subirini mwezi wa 6. Mwenye gari awahi, maana maegesho ni taabu.

Mwaka 2023 Expo ilifunguliwa tena kwa wageni wanaoomba hifadhi. Jioni moja tukielekea getini, mama mmoja aliyesimama nje na binti yake alitusikia tukiongea Kiswahili, akaniuliza, "Dada, hizi kelele ni za nini?" Nilimweleza, na Jumamosi iliyofuata tulikwenda nao. Binti yake alimaliza biskuti yake kabla raundi ya kwanza haijaisha, akaomba na nusu ya mwanangu, akapewa.