Ninga wa Ngezi: nimelipa kumtazama ndege niliyekuwa namla

Mimi ni Mpemba wa Konde, naishi Dar, na ninga, yule njiwa wa kijani wa kwetu, nimewala sana. Utotoni tukitengeneza ulimbo, gundi ya kunasia ndege, kwa utomvu wa fenesi, tunaupaka matawi ya mkuyu, jioni bibi anawatia ndege kwenye mchuzi wa nazi. Kwa hiyo mke wangu aliposikia nalipa elfu thelathini nipelekwe msitu wa Ngezi, kule Pemba, kumtazama ninga, alicheka mpaka akakaa chini.

Baya kwanza. Gari nilipangiwa na nyumba ya wageni niliyolala Wete. Ahadi saa kumi na moja alfajiri, dereva kaja saa moja kasoro. Darubini waliyonipa ilikuwa chongo, jicho moja limejaa ukungu kwa ndani. Beba yako.

Sasa muongozaji. Kijana wa makubadhi, maneno machache. Nilidhani tutauzunguka msitu mzima. Yeye kanikalisha kwenye gogo chini ya mkuyu. "Ninga hatafutwi, mzee wangu. Hutafutwa mkuyu." Tulikaa kama dakika arobaini, mbu wakila kwa raha zao. Kisha makuyu yakaanza kudondoka juu ya majani makavu, tap, tap, na hakuna upepo. Yeye akanyoosha kidole tu.

Ninga halii kama tetere wala pugi. Ni mluzi unaopanda na kushuka, mwishoni kama mtu anajizuia kucheka. Nilizoea kumwona akiwa manyoya karibu na jiko. Akiwa hai, kichwa na kifua ni kijivu, mgongo kijani, begani ana doa la zambarau, na mdomo ni mwekundu shinani. Mmoja alijining'iniza kichwa chini mfano wa kasuku, akalifikia kuyu la ncha ya kijiti, akalimeza zima. Akitulia kwenye majani humwoni tena, hata ukiwa umemkodolea macho.

Ndege ambao duniani kote wako Pemba tu ni wanne, na huyu ni mmojawao. Mwingine, chozi wa Pemba, kidege kinachofyonza maua, tulimpata njiani bila jasho. Bundi wa Pemba, naye katika hao wanne, ni wa usiku, na hayo ni matembezi mengine na malipo mengine, mimi sikuyafanya. Ukimaliza mapema, pwani ya Vumawimbi iko jirani, nenda ukaoge.

Nyota nne. Ya tano ameondoka nayo dereva.

Wakati wa kurudi nilimuuliza kijana mbona zamani walikuwa wengi hata mashambani kwetu. Akasema miti mikubwa imekatwa, mikarafuu imechukua nafasi, na watu wanawinda. Nikaona aibu, nikamwambia habari ya ulimbo wetu.

"Babangu naye," akasema, na macho yake bado yako juu kwenye matawi.