Olympus Tough TG-6: kamera ya mfukoni inayofaa Lamu

Kinachoua kamera ndogo Lamu ni chumvi na ule mchanga laini wa ufuo wa Shela. Kamera nyingi za mfukoni hutoa lenzi nje ukiziwasha. Chembe moja ikinasa, lenzi hukwama. Lenzi ya TG-6 haitoki nje kabisa, na kamera yenyewe inahimili maji hadi mita 15. Uwazi wa lenzi wa f/2.0, unaoingiza mwanga mwingi, unasaidia sana vichochoroni Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, kwenye kiza hata mchana. Zumu ni mara 4 tu, na picha za usiku zina chengachenga. Kabla ya kupanda mashua, futa mpira wa kifuniko cha betri: unywele mmoja tu hupitisha maji. Ukirudi, iloweke kwenye maji ya bomba, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha ianike kivulini.