Uzoefu wangu wa Val Thorens: theluji haikosekani, ila ukungu ukishuka ujipange

Nyota 4 kati ya 5 kwa anayejua tayari kuteleza kwa skii, 3 kwa anayeanza. Hiyo nyota moja ya tofauti ndiyo inayowaponza watu wengi. Wanasoma "kituo cha juu kuliko vyote Ulaya" na "kilomita 600 za miteremko", wanalipa wiki nzima, halafu siku ya tatu wako dirishani wanatazama weupe mtupu.

Namba zenyewe si uongo. Kijiji cha Val Thorens, huko Savoie nchini Ufaransa, kiko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na juu yake kuna kilele cha Cime Caron, mita 3,200. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atanielewa haraka: unalala chini kidogo ya kambi ya Mandara na unaanza kuteleza kutoka mahali fulani kati ya Mandara na kambi ya Horombo. Usiku wa kwanza kichwa kinaweza kuuma na usingizi ukakatika; kunywa maji mengi. Zile kilomita 600 ni za Les 3 Vallées yote, yaani mabonde matatu yaliyounganishwa kwa lifti, pamoja na vituo vya Courchevel, Méribel na Les Menuires. Hata mtelezaji mzuri hazimalizi kwa wiki, kwa hiyo mimi sichagui kituo kwa kilomita. Kuna vituo vilivyowahi kuhesabu mpaka kona ambazo mtelezaji huzikata akishuka.

Unacholipia Val Thorens ni theluji. Msimu huanza mwishoni mwa Novemba na kufika mwanzoni mwa Mei. Vituo vya chini hutegemea mizinga ya kutengeneza theluji, na mizinga hiyo inataka hewa kavu yenye baridi ya kama nyuzi -2 kushuka chini. Usiku ukiwa na joto au unyevu mwingi, inazimwa, na asubuhi unakuta utepe mweupe katikati ya majani. Kwa mwezi wa Aprili tofauti ni kubwa zaidi. Miteremko ya chini ya Méribel hulainika mchana mpaka inakuwa kama uji, usiku inaganda, na saa tatu asubuhi ni sahani ya barafu. Huku juu hali hiyo huja kwa kuchelewa.

Lifti za kupandisha watelezaji mlimani nazipa alama za juu. Funitel ya Péclet, ya mwaka 1990, ndiyo ya kwanza ya aina yake duniani: kibanda kinaning'inia kwenye nyaya mbili zilizoachana kwa upana, hivyo upepo unaosimamisha lifti ya waya mmoja haukiyumbishi kirahisi. Gari la waya la Cime Caron, la mwaka 1982, hubeba watu 150 kwa mkupuo. Kosa la wageni hapo ni kufuata umati kwenda juu bila kuuliza njia ya kushukia. Combe de Caron ni mteremko mweusi na hauna mzaha. Kuna njia nyekundu pia, lakini hakuna ya kijani. Rangi za Ufaransa ni hizi: kijani rahisi kabisa, buluu rahisi, nyekundu ngumu kiasi, nyeusi ngumu. Buluu ya hapa, ikiwa na barafu saa tatu asubuhi, hushinda nyekundu ya vituo vingine kwa ukali.

Sasa ubaya wake. Kijiji kiko juu ya mstari wa miti. Ukungu ukishuka, au mawingu yakifunika na theluji ikianguka, hakuna kivuli hata kimoja. Ardhi na mbingu vinakuwa rangi moja, hujui kama mbele kuna bonde au mwinuko, na wengine huhisi kichefuchefu kwa sababu jicho halijui kama mwili unakwenda au umesimama. Miti ingekupa alama ya kufuata. Miti iko Méribel na upande wa chini wa Courchevel, La Tania hasa. Tatizo ni kwamba dhoruba inayokufanya uitamani miti ndiyo hiyo hiyo inayofunga lifti za kukuvusha kuifuata. Pasi yako ya mabonde matatu, yaani tiketi ya lifti, inageuka karatasi. Kwa hiyo tazama utabiri kwanza: wiki ikionekana mbaya, nunua pasi ya upande wa Val Thorens tu, ambayo ni ya bei ndogo, na uulize kuhusu nyongeza ya siku moja.

Ukikamatwa na ukungu ukiwa juu, fuata vijiti. Kila mteremko wa Ufaransa una vijiti pembeni vya rangi ya mteremko wenyewe, na vile vya mkono wako wa kulia unaposhuka vina kichwa cha rangi ya chungwa. Shika upande huo, sogea kijiti kimoja hadi kingine, simama, tafuta kinachofuata, ndipo uende. Ubao wa duara kwenye kijiti una namba inayopungua kadiri unavyoshuka, na 1 iko karibu na mwisho. Mtu akiumia, waokoaji wanataka vitu viwili tu, jina la mteremko na namba hiyo. Na uokoaji unalipiwa. Kadi ya afya ya Ulaya hailipii kuteremshwa kwa sleji wala helikopta. Bima ya kuongeza kwenye pasi ni euro chache kwa siku, ikatwe bila kujadiliana.

Kwa anayeanza, eneo la kujifunzia si baya na liko mbele ya nyumba. Ila baridi ya Januari kwenye mita 2,300 humchosha mtu anayeanguka kila dakika tano. Walioko Ghuba wana njia nyingine: Ski Dubai ina mteremko wa ndani wa mita 400 na kimo cha mita 60 hivi. Ni mfupi, lakini theluji yake haibadiliki na hakuna upepo, kwa hiyo pale unaweza kujifunza kusimama, kugeuka na kushuka kwenye lifti bila kuanguka, kabla hujanunua tiketi ya ndege kwenda Alps.

Buti ndizo zinazoharibu likizo nyingi kuliko theluji mbovu. Duka la kukodisha lenye foleni litakupa buti kubwa, kwa sababu mteja asiyebanwa hatoki na malalamiko. Malalamiko huja kesho, kisigino kikianza kuinuka na skii ikakataa kugeuka. Buti hupimwa kwa sentimita za wayo. Omba watoe soksi nene ya ndani ya buti, ingiza mguu kwenye gamba tupu, sukuma vidole viguse mbele, kisha pima nafasi nyuma ya kisigino: sentimita 1 hadi 2 basi. Ukirudisha ile ya ndani na kufunga, vidole viguse ukisimama wima, viachie ukikunja magoti. Vaa soksi moja nyembamba ndefu. Soksi mbili hukunjana, hubana damu, na mguu unapoa zaidi.

Vifungio vya skii navyo vina namba, mbele na nyuma, inayotokana na uzito, urefu, umri, ujuzi wako na urefu wa soli ya buti, ambao umechapwa ubavuni kwa milimita. Namba ikiwa ndogo mno, skii inafunguka bila sababu. Ikiwa kubwa mno, unaanguka na skii haiachii, na goti ndilo linalolipa. Hapa si mahali pa kujipunguzia kilo. Pitisha ukucha juu ya makali ya chuma ya skii: yasipokwangua chembe ya ukucha ni butu, yarudishe wayanoe. Na miwani ya theluji iwe na kioo cha mwanga hafifu, cha njano au waridi. Cheusi weka kwa siku za jua. Ngozi nyeusi pia inaungua huku, midomo hasa.

Foleni hutegemea kalenda. Shule za Ufaransa hufunga kwa kanda tatu, kuanzia Februari hadi mapema Machi, na wiki za kanda ya Paris ni za kuepuka. Jumamosi barabara ya kutoka Moûtiers, mji wa chini bondeni, hujaa kwa sababu wageni wa wiki iliyopita wanatoka na wapya wanaingia, lakini miteremko ya siku hiyo ni mitupu, kwa hiyo ukiweza fika Ijumaa. Gari liwe na matairi ya baridi au minyororo ndani, sheria inadai kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, na kijijini utaliacha maegeshoni.

Chakula cha mlimani ni ghali, na Muislamu aulize kabla ya kuagiza: tartiflette hupikwa na vipande vya nguruwe, fondue ya Savoie huyeyushwa kwa mvinyo mweupe, na raclette huja na sahani ya nyama zilizokaushwa ambazo nyingi ni za nguruwe. Kodi nyumba yenye jiko, nunua vyakula chini mjini kabla ya kupanda.

Mwisho, saa. Ukivuka kwenda Méribel au Courchevel, soma kwenye ubao muda wa lifti ya mwisho ya kurudi, kisha toa saa nzima, maana kila mtu hurudi pamoja. Kutoka Méribel unapanda lifti ya Côte Brune hadi Mont de la Chambre ndipo unateremka kijijini. Ikifungwa kwa upepo au ukichelewa dakika mbili, hakuna barabara ya kukatisha mlimani: teksi inashuka mpaka chini ya bonde na kupanda tena upande wa pili, na wanapokutajia bei wanajua kuwa huna chaguo.