Chipukizi anajua kupiga au anabebwa na bahati? Uzoefu wangu na FanGraphs na Baseball Savant

Ninaishi Columbus, Ohio. Hapa kuna timu ya besiboli inayoitwa Clippers, ambayo ni ngazi ya Triple-A ya Cleveland Guardians. Kutoka Triple-A mchezaji anapanda moja kwa moja ligi kuu, kwa hiyo pale Huntington Park unalipa kiingilio cha kawaida na kuwaona vijana ambao mwakani huenda ukawatazama kwenye televisheni. (Kuna pia usiku wa hotidogi za senti 10, lakini hizo zinastahili tathmini yake.) Ubishi wa jukwaani haubadiliki: huyu kijana anajua kupiga kweli, au mipira yake inaangukia tu pasipo na mtu?

Kwa ubishi huo ninatumia tovuti mbili, FanGraphs na Baseball Savant. Takwimu za zote mbili unazitazama bure. FanGraphs ina uanachama wa kulipia kwa anayetaka kuondokana na matangazo, na Savant ni ya ligi kuu yenyewe.

Kwanza nieleze kwa nini wastani wa hiti (mpigo unaomfikisha mpigaji salama kwenye besi) unaouona kwenye skrini ya uwanjani haunitoshi. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni .270, yaani hiti 27 kwa kila zamu 100 za kupiga. Mpe zamu 100, karibu mwezi mzima wa mechi. Kwa hesabu za uwezekano, mara mbili kati ya tatu wastani wake utaangukia popote kati ya .226 na .314, na mara iliyobaki utatoka hata nje ya hapo. Mtu mwenye .226 anafungashiwa virago, mwenye .314 anaandikwa magazetini, na huenda ni mtu yule yule, mikono ile ile.

FanGraphs ndiyo ninayofungua kwanza, na safu ninayoitafuta inaitwa BABIP. Hiyo inaondoa homurani (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja) na straiki tatu (mpigaji kutolewa kwa kukosa au kuacha mipira halali mara tatu), inabakiza mipira iliyoingia uwanjani mbele ya walinzi, wale wanaoikamata, kisha inauliza: mingapi kati ya hiyo imekuwa hiti? Ligi kuu kwa ujumla huwa karibu na .300. Tuseme kijana ana zamu 100, ametolewa kwa straiki mara 25, ana homurani 5. Imebaki mipira 70. Ikiwa 21 imekuwa hiti, BABIP yake ni .300 kamili na wastani wake .260. Sasa mwongezee hiti tano za kuponea, mipira ya kujikokota iliyopenya katikati ya walinzi wawili. Wastani unaruka hadi .310! Mipira mitano tu, na kocha anaulizwa kwenye mahojiano amemfundisha nini.

Lakini BABIP ya juu si bahati tupu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mpigaji Mjapani Ichiro Suzuki alimaliza miaka yake ya ligi kuu akiwa karibu na .338, kwa sababu ya miguu yake na ustadi wa kuuelekeza mpira. Katika ngazi za chini walinzi nao hawajaiva, hivyo BABIP za huko huwa zimevimba kidogo. Ninachofanya ni kumlinganisha mchezaji na historia yake mwenyewe, si na .300 kama vile ni sheria.

Kipimo changu halisi cha tovuti hizi ni msimu wa 2022. Cleveland ilipandisha vijana wawili ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamepita hapa Columbus, Steven Kwan na Oscar González. Kwan alimaliza na wastani wa .298. González .296. Ukitazama namba hiyo peke yake, ni mapacha. Tena González ndiye aliyekuwa kipenzi cha watu: Oktoba 8 alipiga homurani katika ingizo (kipindi) la 15 na kuwatoa Tampa Bay Rays kwa 1-0, mechi iliyokuwa imedumu bila alama hata moja. Rafiki yangu mmoja Mkongo, ambaye besiboli hii nilimwambukiza mimi, alinishika bega: "Kaka, huyu mtu .296, unataka nini tena?"

Nilitaka besi za bure, zile anazopewa mpigaji akiiacha mipira minne iliyorushwa nje ya eneo la straiki. FanGraphs ilionyesha kwamba González, katika mechi 91, alipewa besi ya bure mara 15 tu, chini ya 5% ya zamu zake. Alikuwa miongoni mwa wapigaji waliokimbiza zaidi mipira ya nje ya eneo la straiki, na BABIP yake ilikuwa juu mno ya .300. Kwan alipewa besi mara 62 na kutolewa kwa straiki mara 60. Alipoingia ligi kuu alirushiwa mipira 116 kabla ya kuzungusha gongo na kukosa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 warushaji waliacha kumpa González mpira wa kupigika, akashuka hadi .214 katika mechi 54, akarudishwa huku Columbus, na Desemba Yankees wakamchukua baada ya Cleveland kumwachia. Kwan naye alishuka mwaka huo, .268, lakini macho yake hayakubadilika, na 2024 akawa .292 na kuitwa kwenye mechi ya nyota.

Sasa Baseball Savant. Hii inategemea Statcast, mfumo uliofungwa katika viwanja vyote 30 vya ligi kuu mwaka 2015, na tangu 2020 unatumia kamera za Hawk-Eye. Unapima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo na pembe unayorukia. Mpira wa maili 95 kwa saa (kama kilomita 153) au zaidi unahesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Kutokana na kasi na pembe, mfumo unakadiria mipira ya aina hiyo huwa hiti mara ngapi, na kwa mingine ya kwenda chini unaingiza na mbio za mpigaji. Hapo unapata xBA, wastani ambao mtu alistahili. Ni kama mshambuliaji ambaye ana mabao mengi lakini nusu yake yamemgonga gotini: xBA inakuonyesha goti.

Utamu wa Savant ni yale mabaka ya rangi kwenye ukurasa wa kila mchezaji, mekundu kwa aliye juu ya wenzake, ya bluu kwa aliye chini. Na utamu huo ndio unaohitaji kuangaliwa vizuri. Fungua ukurasa wa Kwan: kwa kasi ya mpira yuko mkiani kabisa mwa ligi, karibu maili 85, bluu iliyokolea. Mtu anayeanzia hapo atamtupa. González ndiye aliyekuwa na nguvu. Kwa hiyo mimi nasoma ukurasa huo kuanzia chini, kwenye straiki, besi za bure na kukimbiza mipira ya nje, halafu ndipo napanda kwenye nguvu.

Sababu nyingine ya kuanzia huko ni muda. Russell Carleton, aliyelichunguza jambo hili kwa kina, alionyesha kwamba kiwango cha straiki huanza kuaminika baada ya zamu kama 60, besi za bure kama 120, ilhali BABIP inahitaji mipira karibu 820 iliyochezwa. Hiyo ni zaidi ya msimu mzima! Chipukizi wengi hawakai ngazi moja muda huo, kwa hiyo BABIP ya Triple-A karibu siku zote unaisoma ikiwa mbichi.

Tangu 2023 Savant inatoa takwimu za Triple-A nzima, na kwangu hiyo ndiyo zawadi kubwa. Kyle Manzardo aliletwa kutoka Tampa Bay mwaka huo akiwa na wastani wa chini ya .250 katika Triple-A, na jukwaani walinung'unika. Besi zake za bure zilikuwa nyingi na straiki zake za kawaida. Mwaka 2024 akapiga homurani 9 hapa kabla ya kuitwa Mei, kule juu akacheza wiki kadhaa bila hata moja, akarudishwa, akaitwa tena Septemba. Mwaka 2025 alipiga 27 akiwa na Guardians.

Mipaka ipo. Nje ya Triple-A, Savant ina ligi ya Florida State tu kwa ngazi za chini. Double-A, ngazi moja chini ya Triple-A, haimo, hivyo vijana wa Akron (timu ya Cleveland ya ngazi hiyo) sina namna ya kuwaona kwa kasi ya mpira. Pia besi za bure za Triple-A mwaka 2023 zisomwe kwa tahadhari, kwa sababu viwanja vyote vilikuwa vikitumia mashine, kwa namna moja au nyingine, kuamua straiki na besi hizo zikaongezeka kwa kila mtu.

Niliwahi pia kulipia programu moja ya simu, sitaitaja, inayompa kila chipukizi "alama ya bahati" kutoka 1 hadi 10. Haisemi imeipataje. Nilipowauliza kwa barua pepe, nilijibiwa kwa tangazo la kifurushi cha mwaka. Nimeifuta. Namba ya bahati ambayo huwezi kuikokotoa mwenyewe kwa kalamu haina tofauti na mkeka wa jamaa wa kubashiri.

Kwa anayeanza leo, ningempa FanGraphs kwanza, safu tatu tu: straiki, besi za bure, BABIP. Savant aifungue akishazizoea. Anayemfuatilia kijana wa Akron atabaki na hizo tatu hadi apande kuja huku.